Mwambie Mama Yako

Mama mkwe wangu hakuwa akisema na mimi. Alikuwa akisema na binti yangu, kichanga asiye na hata jino moja.

"Mwambie mama yako sufuria yake inafurika," alikuwa akisema, mtoto kamlaza mapajani, na mimi nimesimama mlangoni pale pale ninamsikia. Nami nilikuwa nikimchukua mwanangu, nikimgeuza uso anitazame, na kumjibu yeye: "Mwambie bibi yako mama ana macho." Hivyo ndivyo tulivyoishi. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili, sebule na jiko la uani, na humo ndani wanawake wawili walipishana mchana kutwa bila kupeana hata salamu. Maneno yetu yote yalipitia kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kunyonya na kujamba.

Vita vilianza mtoto akiwa bado hajatimiza wiki mbili. Sebule ilikuwa imejaa wageni waliokuja kumwona, naye akaanza kulia kilio kile cha kukunja magoti hadi tumboni na kukaza ngumi, uso mwekundu. Mama mkwe alifanya kazi maisha yake yote kama matroni wa bweni la wasichana, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Matroni. Alinyoosha mgongo kama anayehesabu vitanda, akawatangazia wageni kwamba hilo ni chango, na chango huletwa na maziwa. Maziwa ya mwanamke mwenye hasira, alisema, humsokota mtoto tumbo.

"Ingekuwa hivyo," nilisema, "mume wangu angekufa kwa chango kabla hajaota jino."

Wageni waliangalia vikombe vyao. Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Matroni alimwinamia mjukuu wake akasema, "Mwambie mama yako nimemsikia." Na tangu siku hiyo nikawa naambiwa.

Sijutii neno lile hata sasa. Fahali wawili hawakai zizi moja, na mimi sikuingia pale kuwa ndama.

Lakini mtoto alilia. Hilo siwezi kumsingizia mtu. Kila siku jua likianza kulegea alianza, na hakunyamaza mpaka sauti ilipomkauka. Jirani mmoja alimpa jina la Diwani, kwa sababu kila jioni lazima aitishe mkutano wa hadhara na ajenda yake ni ile ile. Jina likamshika. Nilicheka siku ile, kisha nikaingia chumbani nikalia pamoja na mheshimiwa mwenyewe.

Nilimpeleka kliniki. Nesi alimvua nguo, akampima, akambonyeza tumbo, akauliza kama ana homa, kama anatapika vitu vya kijani, kama choo kina damu. Hakuwa na lolote kati ya hayo, na uzito wake ulikuwa unapanda vizuri. Nesi akasema mtoto ni mzima, hili ni chango tu, na watoto wengi huliacha wenyewe wakifika miezi mitatu au minne. Akanionyesha kumlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, kichwa kwenye kiwiko. Akasema nimcheulishe katikati ya kunyonya na siyo mwisho tu, nizime redio, nipunguze taa na watu. Kama napenda, naweza kujaribu kuacha maziwa ya ng'ombe kwa wiki mbili, maana vitumbo vingine huyakataa hata yakipitia kwa mama. Na nisimpe maji, wala majani ya kuchemsha, wala matone yoyote ya dukani bila kumwonyesha daktari.

Nikamuuliza, dawa sasa ni ipi?

"Dawa yake ni kalenda," alisema, "na mikono ya kupokezana. Nyumbani mko wangapi?"

Nilimwambia watu tupo. Hakuniuliza kama tunasemeshana, na mimi sikumwambia.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu kwa sauti kubwa, ili ujumbe ufike sebuleni bila gharama. Jibu likaja asubuhi, mtoto akiogeshwa. "Mwambie mama yako kalenda hainywewi."

Basi Matroni akaanza matibabu yake. Kumkanda tumbo kwa mafuta ya uvuguvugu nilimwachia, maana mikono yake ni mizuri, na mtu akisema ukweli haumpunguzii kitu. Kitambaa cha moto nilikikataa. Maji ya chango ya chupa niliyakataa. Siku moja nilimkuta na kijiko na kikombe cha mbegu zilizochemshwa, nikakinyakua kikombe nikamwaga uani mbele ya macho yake, kisha nikamwambia mtoto amwambie bibi yake kwamba mimi si msichana wa bwenini. Na nilipoacha kunywa chai ya maziwa, kila asubuhi nilikuta chupa yote ya chai imeshatiwa maziwa. Nikanywa maji ya moto, nikimtazama usoni.

Ndipo akanunua kopo. Kopo la maziwa ya unga ya watoto, jipya, lenye picha ya kichanga kinachocheka. Akaliweka juu ya kabati la sebuleni, mahali ambapo huwezi kupita bila kuliona. "Mwambie mama yako hilo linasubiri mwisho wa mwezi. Kilio kikiwa bado kipo, ziwa basi."

Niliogopa. Nasema wazi, mimi ambaye siogopi mtu, kopo lile niliogopa. Kunyonyesha ndicho kitu pekee katika nyumba ile nilichokifanya bila mtu kunisahihisha. Mtoto akishika ziwa, jicho moja linanitazama, kidole kimenikamata nguo, hapo hapakuwa na Matroni wala mtaa. Na nyumba ilikuwa yake. Nilimuuliza mume wangu atasema nini mwezi ukiisha. Alisema, "Tuone."

Mume wangu ni fundi wa friji, na watu wote wanamsifu kuwa ni mtu wa amani. Hata mimi niliolewa naye kwa sababu hiyo. Sikujua bado jinsi amani yake inavyotengenezwa. Chumbani alikuwa upande wangu, jikoni alikuwa upande wa mama yake, na uani, kati ya chumba na jiko, hakuwa upande wowote. Sijawahi kumsikia akisema neno moja tukiwa sote wawili mbele yake, ila labda kwamba leo kuna joto.

Mwezi ukiwa unakatika, alirudi kutoka kazini akanivuta chumbani, akafunga mlango. Alitoa kwenye kitambaa kichupa cha kahawia chenye kifuniko cha matone. Aliyasema yote kwa kunong'ona. Amepewa na fundi mwenzake, ambaye mwanawe alikuwa akilia vile vile na sasa analala hadi anaamshwa. Nimpe mtoto matone hayo alasiri, kabla mkutano haujaanza.

"Ila mama asijue," alisema. "Unajua alivyo. Hili ni letu mimi na wewe."

Kichupa hakikuwa na karatasi. Nilimuuliza dawa inaitwaje, akasema ni matone ya chango, yanajulikana. Nilimkumbuka nesi. Nilimkumbuka vizuri kabisa, na maneno yake. Kisha nikapita sebuleni, nikaliona kopo. Alasiri ya kesho yake nilimpa.

Jioni ile hapakuwa na mkutano. Jua lilishuka, taa zikawashwa, jirani akachungulia ukutani kuuliza kama Diwani amesafiri. Mwanangu alikuwa amelala mikono wazi. Nilipika nikiimba, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nijifungue, na nikaimba kwa nguvu kidogo ili nisikike. Lakini kilichonishangaza ni Matroni. Alikaa kwenye kiti chake sebuleni amekunja mikono, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi.

"Mwambie mama yako," alisema nilipopita, "mtoto akimpata anayemjua, hutulia."

Nilidhani ananisifu pasipo kujua. Nikamwambia mtoto aliyelala amwambie bibi yake asante sana.

Siku zile tulikuwa na furaha, sisi wote wawili, kila mmoja na yake. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani huwakumbuka wahenga siku anayolala vizuri. Matroni alianza kuvaa kanga zake nzuri nyumbani. Mume wangu alikula akiwa ameketi katikati yetu, anatabasamu kushoto, anatabasamu kulia, na akasema kuna joto.

Mimi ndiye niliyekuwa na maziwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyeanza kuona. Mtoto alishika ziwa akaliacha. Alinyonya kama mtu anayekula kwa adabu kwenye nyumba ya watu. Matiti yakanijaa hadi yakauma, nikayakamulia kikombeni. Nepi niliyomfunga asubuhi niliikuta kavu adhuhuri. Nilimwambia mume wangu, naye akaniuliza kama si sisi wenyewe tuliotaka alale.

Siku yenyewe nilimpa matone alasiri kama kawaida, nikaenda kufua. Nilipomaliza kuanika, jua lilikuwa bado kwenye kamba. Nikaingia kumnyonyesha. Nilipomwinua, shingo yake haikuja naye. Mikono ilining'inia. Nilimkuna nyayo, nikampuliza usoni, nikamwita Diwani, nikamwita jina lake. Kifua kilipanda, kikakaa, kikakaa tena, ndipo kikashuka.

Nilipiga ukelele mmoja tu. Matroni akaja na unga mikononi.

"Mama, umempa nini?"

Yalikuwa maneno ya kwanza kutoka kinywani mwangu kwenda kwake tangu siku ya wageni. Alisimama mlangoni. Alinitazama mimi, akamtazama mtoto aliyening'inia mikononi mwangu, na nikaona mdomo wake unakwenda kule kule ulikozoea.

"Mwambie mama yako sijampa kitu."

"Mtoto hasikii!" nilisema. "Mtazame. Hasikii. Nakuuliza wewe."

Alimtazama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka hivyo nikiwa nautazama. Alikuja mbio, akaweka sikio kwenye pua ya mtoto, akaweka kiganja kifuani, akangoja, na alipoinua kichwa alinitazama mimi machoni.

"Nimempa matone," alisema. "Tangu juma lililopita. Kila alasiri, ukienda kuoga au kufua."

"Matone gani?"

"Ya chango. Kanipa mwanangu. Kasema wewe usijue."

Alifungua fundo la kanga yake akatoa kichupa cha kahawia. Mimi nikatia mkono kwenye mfuko wa gauni nikatoa changu. Tukavishika hivyo, mkono kwa mkono. Vilikuwa mapacha. Mume wangu, huyo Fundi, alikuwa ameigawa dawa sawasawa, kwa haki, kila mwanamke na kichupa chake, ili asionekane amempendelea yeyote.

Matroni alitoka hadi barabarani jinsi alivyokuwa, unga hadi kwenye viwiko, akasimamisha gari la kwanza lililopita kwa mkono ule ule uliowasimamisha wasichana wa watu kwa miaka yote ile. Dereva hakuuliza tunakwenda wapi mpaka tulipokuwa ndani.

Hospitalini walimpokonya mikononi mwangu. Walimwekea hewa puani, wakamfunga waya kidoleni, wakamtoboa mkono mdogo ule kutafuta mshipa. Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, aliuliza amekunywa nini. Tuliviweka vichupa viwili juu ya trei yake. Alivifungua, akavinusa, akatuma mtu maabara navyo, lakini alituambia anavyodhani bila kusubiri. Kuna dawa za kulegeza utumbo ambazo zamani ziliuzwa kwa chango. Zinamnyamazisha mtoto kweli, alisema, ila kwa mtoto mchanga zinaweza kulegeza na pumzi. Haziruhusiwi kwa umri huu, hata tone moja.

"Nyumbani nani anampa mtoto dawa?" aliuliza.

"Mimi," nilisema.

"Mimi," alisema Matroni.

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Na hamkuambiana?"

Aliandika kitu, akarudi kwa mtoto.

Tulipewa benchi moja tu, basi tukakaa. Tulikaa mpaka dirisha likawa jeusi na mpaka likawa jeupe tena, na kila mara mashine ilipobadilisha mlio tulisimama pamoja na kuketi pamoja. Katikati tuligombana. Aliniambia nilimvua nguo mbele ya wageni. Nilimwambia alianza yeye kuyatukana maziwa yangu. Akasema alinunua kopo kwa kuwa aliniona nakonda. Nikasema nilikonda kwa kunyimwa chai. Akasema kiburi kimenijaa, nikasema nilikikuta pale pale kwenye meza yake. Hakuna aliyeomba radhi. Lakini kila neno lilitoka kwa mwenyewe na kumfikia mwenyewe, na mtu mmoja wa usafi alitwambia tupunguze sauti.

Asubuhi mtoto alilia. Kilio kilianza kama mlango unaokwaruza, kikapanda, kikawa kile chenyewe cha mkutano wa hadhara. Daktari alitoka akasema hiyo ndiyo sauti aliyokuwa anaingoja, anapumua vizuri, nimnyonyeshe. Mtoto alinishika ziwa kwa nguvu hata nikauma meno. Matroni aligeukia ukuta na kujifuta uso na kanga yenye unga.

Ndipo Fundi akaja. Alikuwa amefika tangu jana jioni, akaambiwa yaliyotokea, akakaa nje getini, maana aliona sisi wawili tumeketi benchi moja na hakujua aanzie kwa nani. Sasa alikuja na chupa ya chai. Akanikumbatia, akaninong'oneza sikioni kwamba mama yake ni mtu mzima, amechoka, nimwachie tu. Kisha akamwendea mama yake, akainama, na yeye akamnong'oneza lake.

"Sema kwa sauti," alisema Matroni.

Aliinuka, akaanza kufungua chupa ya chai.

"Hicho ulichoniambia mimi, mwambie na mkeo. Na ulichomwambia yeye, niambie mimi. Tuko hapa wote."

Alinitazama, akamtazama mama yake. Alifungua mdomo. Naapa nilidhani atasema kuna joto. Akasema, "Nilitaka kila mmoja aridhike."

"Sote tuliridhika," nilimwambia. "Na mtoto nusura aridhike moja kwa moja."

Matroni alimtazama mwanawe, yule mwanawe wa pekee ambaye mtaa mzima unamsifu kwa upole. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," alisema. "Nilikuwa nawaambia wazazi wa watu." Kisha akamnyang'anya chupa ya chai, akainusa, na kwa kuwa ilikuwa na maziwa akamrudishia, akamwagiza akalete ya rangi.

Tulirudi nyumbani. Kopo lilitoka juu ya kabati, sijui lilikwenda wapi na sikuuliza. Mahali pake nilitundika kalenda. Matroni aliitazama akasema msumari nimeupigilia kombo, na ni kweli uko kombo.

Diwani naye amerudia mikutano yake. Jana jua lilipolegea alianza, nami nikamlaza juu ya mkono kama alivyonionyesha nesi, nikatembea naye uani, nikarudi, nikatembea tena, mpaka bega likawaka moto. Matroni alisimama mlango wa jiko.

"Unamshika vibaya."

"Namshika alivyosema nesi."

"Nesi hayupo. Mkono wako umekufa. Mlete, ukale."

Nilimpa. "Hakuna kumpa kitu," nilisema.

"Kitu chenyewe sina," alisema. "Na wewe je?"

Nilikung'uta mifuko ya gauni mbele yake, yote miwili. Aliikagua kama anavyokagua kabati za wasichana, ndipo akaanza kutembea na mtoto.

Fundi aliingia getini hapo hapo, begi la vyuma begani. Alisikia kilio, akatuona sote uani, akapunguza mwendo, akaanza kuikwepa njia ya katikati kuelekea chumbani. Matroni alimwinamia mjukuu wake.

"Mwambie baba yako..." alianza.

Akaishia hapo. Alimtazama yule mtoto mikononi mwake, mdomo wazi, analia kwa pumzi zake zote. Kisha akainua kichwa.

"Wewe," alimwambia mwanawe. "Nawa mikono. Zamu yako."

Alinawa. Tulimwonyesha kiwiko kinakaa wapi na kichwa kinakaa wapi, kila mmoja kwa namna yake, na tukapingana. Kisha tukamwacha peke yake uani na binti yake, ambaye hanyamazishwi kwa kunong'onezwa. Sisi tukaingia jikoni kuendelea kugombana.